Fomu ya Masomo Isiwe Kaburi la Kipawa

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Nimeusikia msemo huu mara nyingi tangu tulipojaza fomu za kuchagua masomo, na kila anayeutamka anamaanisha kwamba ukishachagua ndio basi, umekunjwa, huwezi kunyooka tena. Mimi nashika kalamu kupinga. Rai yangu ni kwamba fomu ya masomo huamua utafanya mtihani gani. Haiamui kama utatunga, utachora au utaimba.

Wasomaji wapenzi, mwaka huu wa 2026 shule za upili zina sura ngeni. Sisi wa kidato cha tatu ndio wa mwisho katika mfumo wa 8-4-4. Nyuma yetu hakuna kidato cha pili wala cha kwanza, bali kuna wadogo zetu wa Gredi ya 10, nao wamegawanywa katika njia tatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Sina ugomvi na njia hizo. Ubaya uko katika maneno yanayozifuata. Aliye katika sayansi anaulizwa, "Wewe mashairi ni ya nini?" Aliye katika sanaa naye anaambiwa eti hesabu zilimshinda. Katika chama chetu cha Kiswahili, wa Gredi ya 10 waliojiunga wanahesabika kwa vidole. Niliowauliza walinijibu tu, "Hiyo si njia yangu."

Hebu tumtazame Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyezaliwa Limuru mwaka 1938 na kufariki Marekani mwezi Mei 2025. Alijiunga na Makerere, Uganda, mwaka 1959. Idara ya Kiingereza huko ilikuwa na jarida lililoitwa Penpoint. Siku moja Ngũgĩ alimsimamisha Jonathan Kariara, mmoja wa waliohusika na jarida hilo, akamwambia kwamba ameandika hadithi fupi na angependa aitazame. Kumbe hadithi yenyewe haikuwepo! Ikambidi aende akaiandike. Ndipo ikazaliwa The Fig Tree, ikachapishwa katika jarida hilo. Mwaka 1962 mchezo wake, The Black Hermit, ukaigizwa Kampala, na mwaka 1964 riwaya yake Weep Not, Child ikatoka.

Mwalimu mlezi asinielewe vibaya, sisifu uongo. Ninachoona ni kwamba kijana yule alijifunga kwa mdomo wake mwenyewe. Baada ya kusema, kulikuwa na mtu anayesubiri karatasi. Wengi wetu tuna hadithi kichwani ambazo hakuna anayezisubiri, kwa hiyo zinaozea humo humo.

Najua kuna atakayesema, "Ah, huyo alikuwa anasoma Kiingereza, hiyo ilikuwa njia yake." Haya, basi turudi nyumbani Nyeri. Wangari Maathai alizaliwa Ihithe mwaka 1940. Alienda shule kwa sababu kaka yake aliuliza mbona Wangari haendi shule kama wao, na mama yao akakubali aende. Mwaka 1960 alisafiri hadi Kansas, Marekani, akasomea biolojia, na mwaka 1971 akapata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Hiyo ilikuwa njia ya sayansi moja kwa moja. Lakini aliposikia wanawake wa vijijini wakilalamika kwamba kuni ni haba na maji safi hayapatikani, alifikiria jambo ambalo halikuwa katika fomu yoyote: wanawake hao hao wapande miti, hata kama hawana diploma ya misitu. Kazi hiyo ilianza mwaka 1977. Alipotunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, ilikuwa imepandwa zaidi ya miti milioni 30. Kama huo si ubunifu, ni nini? Sayansi haikuua ubunifu wake, iliulisha.

Wazazi nao tuwasikilize. Baba yangu husema hadithi haiwekwi mezani ikaliwa. Simlaumu. Mtu anayeamka saa kumi na moja alfajiri kukamua ng'ombe ili alipe karo ana haki ya kuuliza shilingi yake inaenda wapi. Mimi nilichagua Fizikia na Kemia, na nitazifanya kwa bidii. Tena sisi wa shule ya kutwa tunafika nyumbani jioni, kuna nyasi za ng'ombe za kukata na maji ya kuteka, ndipo ufungue vitabu. Kwa hivyo muda wa kutunga hauji wenyewe, lazima upangwe.

Napendekeza mambo mawili. Kwanza, chama kikutane saa ya chakula cha mchana, sio baada ya masomo wakati kila mtu anakimbilia matatu. Pili, kila mwanachama amwahidi mhariri kazi moja mbele ya wenzake, aseme na tarehe. Siku hiyo ikifika, aitwe kwa jina asimame. Aibu kidogo haijaua mtu, na pengine ndiyo itakayotoa hadithi kichwani.

Wadogo zangu wa Gredi ya 10, njooni na njia zenu. Wa sayansi atuletee shairi la umeme, wa michezo atuandikie kisa cha mbio za nyika. Mwaka 2027 sisi tutafanya KCSE, tutafunga virago, na nyuma yetu hakutakuwa na 8-4-4 tena. Jarida hili litabaki mikononi mwenu. Mkiendelea kusema si njia yenu, mwaka 2028 kurasa hizi ataziandika nani?