Utamaduni usizikwe pamoja na wazee

Wanafunzi wa historia katika shule za sekondari hufundishwa kwamba kati ya karne ya 14 na ya 16 Ulaya ilizaliwa upya. Hutajiwa miji ya Florence na Venice, wachoraji na wachongaji mashuhuri, na matajiri wa ukoo wa Medici waliowalipa. Mtihani hupita na somo huishia hapo. Ni wachache wanaoambiwa kwamba Tanzania nayo imepata kuwa na mwamko wake wa utamaduni, wenye sababu zake, matunda yake na kasoro zake. Na ni wachache zaidi wanaoambiwa kwamba moja ya hazina kubwa za mwamko huo imo Buhaya, katika ardhi ambayo wakazi wa Bukoba na Muleba huikanyaga kila siku wakienda migombani.

Mwamko wa Italia haukuanguka kutoka mbinguni. Maandiko ya Wayunani na Warumi yalikuwa yametunzwa kwa karne nyingi: na watawa katika nyumba zao, na wasomi wa Baghdad na Cordoba walioyatafsiri na kuyafafanua kwa Kiarabu, na wanazuoni wa Constantinople, ambao baadhi yao walihamia Italia kabla na baada ya mji wao kutekwa na Waturuki mwaka 1453. Dante alikwisha thubutu kutunga kwa lugha ya watu wa Toscana badala ya Kilatini cha wasomi. Katikati ya karne ya 15 Johannes Gutenberg alianza kupiga chapa vitabu, na elimu iliyokuwa ya wachache ikaanza kusambaa. Na fedha za biashara zilikuwapo. Kwa ufupi, yalikutana mambo matatu: hazina iliyotunzwa, lugha na chombo cha kuieneza, na watu walio tayari kuigharimia. Pakikosekana moja katika hayo matatu, mwamko hugeuka kuwa sherehe ya siku moja.

Kipimo hicho hicho ndicho kinachofaa kutumiwa kwa Buhaya.

Hazina ilikuwapo. Katika kijiji cha Katuruka, wilayani Bukoba, wazee walisimulia habari za Mfalme Rugomora Mahe wa Kyamtwara na mnara wa chuma alioamuru ujengwe hadi ufike mbinguni. Walionyesha na mti mtakatifu wa Kaiija, mahali palipohusishwa na kazi ya wahunzi. Mtu aliyelelewa katika kasumba ya kikoloni angeyacheka masimulizi hayo na kuyaita ngano za watoto. Mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Marekani, Peter Schmidt, hakuyacheka. Mnamo mwaka 1970 alichimba pale wazee walipomwonyesha, akapata mabaki ya kazi ya chuma ambayo vipimo vya mkaa viliyapa umri wa miaka ipatayo 2,500. Ukumbusho wa wazee ulikuwa umeilinda historia ambayo hakuna kitabu kilichopata kuiandika.

Hayo hayakuwa yote. Mwaka 1976, wazee wa Kihaya ambao waliishiriki au kuishuhudia kazi hiyo katika ujana wao walijenga tena tanuru la asili na kuyeyusha chuma. Hawakuwa na maandishi ya kufuata. Walikumbushana, wakabishana, wakajaribu. Walichimba shimo na kulijaza majani ya kinamasi yaliyochomwa, wakasimamisha tanuru juu yake, wakapanga mabomba ya udongo yaliyoingia ndani hadi penye moto, na vijana wakavuta mivukuto. Schmidt na mwenzake Donald Avery walitangaza matokeo hayo katika jarida la Science mwezi Septemba 1978. Walieleza kwamba hewa ilipata joto ndani ya mabomba kabla ya kuufikia mkaa, na hivyo tanuru likapata moto mkali kupita kiasi kilichodhaniwa kuwezekana kwa mitambo ya aina hiyo. Wapo wataalamu waliolipinga baadaye jambo la hewa kupashwa moto, na mjadala huo ni wa kawaida katika sayansi. Lakini jambo moja halikubishaniwa: kwamba mababu wa Wahaya walikuwa mafundi wa chuma tangu zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, na kwamba ufundi wao ulikuwa elimu kamili, si kubahatisha.

Yafaa kuuliza ni kwa nini elimu kubwa kama hiyo ilibakia vichwani mwa wazee wachache. Jibu linajulikana. Wajerumani walijenga kituo chao Bukoba mwaka 1890, na wamisionari wa kwanza wa Shirika la White Fathers wakafika Kashozi mwaka 1892. Shule na hospitali zilizofuata zilileta manufaa ambayo hakuna mtu wa haki anayeyakana. Bukoba ilipata wasomi mapema kuliko sehemu nyingi za nchi. Lakini pamoja na alfabeti yalikuja mafundisho kwamba kila cha jadi ni cha kishenzi. Mahali pa kuabudia pa wahenga palidharauliwa, jembe la kiwandani likaliua jembe la mhunzi, na kijana aliyekwenda shule alijifunza kuona haya kwa kile alichokijua babu yake. Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa, na huo ndio utumwa uliokusudiwa.

Uhuru ulileta nia ya kuuvunja. Mnamo Desemba 1962, Jamhuri ilipozaliwa, Mwalimu Julius Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alilieleza Bunge kwamba utamaduni ndio roho ya taifa, na kwamba waliosomeshwa na mkoloni walifundishwa kucheza dansi za wageni huku wakizidharau ngoma za wazazi wao. Hakusema mlango ufungwe. Alisisitiza kwamba taifa lisilokubali kujifunza kwa wengine halina busara. Mwaka 1967 Kiswahili kikafanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi, na Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria. Mwaka 1970 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Chombo cha kueneza nacho kilitengenezwa, na hapa mikoa ya ziwa ilitangulia. Mwaka 1968 mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, ulioungwa mkono na UNESCO, ulianza ukiwa na makao yake Mwanza, ukiuhusisha pia Mkoa wa Ziwa Magharibi ambao tangu mwaka 1979 huitwa Kagera. Watu wazima walijifunza kusoma kwa vitabu vilivyozungumzia pamba, ndizi na uvuvi, yaani mambo waliyoyajua kwa mikono yao. Mwaka 1974 likaanzishwa gazeti la Elimu Haina Mwisho kwa ajili ya wasomaji hao wapya. Kwa mujibu wa mitihani ya kitaifa, watu wazima waliojua kusoma na kuandika walikuwa asilimia 61 mwaka 1975, asilimia 73 mwaka 1977, na zaidi ya asilimia 90 mwaka 1986. Hesabu hizo hazipaswi kusahauliwa na mwalimu yeyote, kwa kuwa waliozifanikisha, wengi wao, walikuwa walimu wenzake waliofundisha watoto asubuhi na wazazi wa watoto hao jioni.

Matunda yalionekana. Aniceti Kitereza wa Ukerewe, ng'ambo ya ziwa, alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe riwaya kubwa juu ya maisha ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Kwa miaka zaidi ya thelathini haikupata mchapishaji. Ilipotafsiriwa kwa Kiswahili na mwandishi mwenyewe, Tanzania Publishing House iliitoa mwaka 1980. Kitereza akafariki dunia mwaka 1981. Katika Kagera yenyewe, Mugyabuso Mulokozi, aliyetoa pamoja na Kulikoyela Kahigi diwani ya Malenga wa Bara mwaka 1976, alirudi kwa wapiga nanga wa nyumbani kwao, akanakili tenzi zao za mashujaa, na mwaka 1986 akazifanya kuwa tasnifu ya udaktari. Wapo wataalamu wa Ulaya waliokuwa wakidai kwamba Afrika haina tenzi kubwa za kishujaa. Wazee wa Buhaya, wakiwa na nanga magotini, walikuwa na jibu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Saida Karoli wa Bukoba aliimba kwa Kihaya na nchi nzima ikamwitikia, hata wasiojua neno moja la lugha hiyo.

Hata hivyo, gazeti lisilotaja kasoro halimsaidii msomaji. Mwamko wa Tanzania ulikuwa na hazina na ulikuwa na chombo, lakini katika jambo la tatu, yaani ugharimiaji, uliyumba. Mpiga nanga wa zamani alilishwa na kuheshimiwa katika jumba la Omukama. Utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963, na ilikuwa haki kufutwa, kwa kuwa jamhuri haiwezi kuwa na raia wa kuzaliwa juu ya wenzao. Lakini hakuna aliyepewa kazi ya kumtunza mpiga nanga baada ya hapo. Mara nyingi utamaduni uligeuzwa kuwa ngoma za kuwapokea wageni: kikundi kilitumbuiza, hotuba ikasomwa, na kesho yake wasanii wakarudi vijijini wakiwa hawana hata nauli. Lugha za makabila zilionewa mashaka, kana kwamba kuandika methali za Kihaya kungeubomoa umoja wa taifa, hadi Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 iliposema wazi kwamba lugha za jamii ni hazina ya kuthaminiwa na kutafitiwa.

Kisha yakaja maafa. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia Kagera. Vita ikapiganwa na kushindwa kwa adui kukaigharimu nchi sana. Dhiki ya uchumi ya miaka ya 1980 ikafuata. Na mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa Kagera. Ugonjwa huo uliua watu wa umri wa kati, yaani wale hasa waliopaswa kupokea elimu kutoka kwa wazee na kuwakabidhi watoto. Babu alibaki, mjukuu akabaki, lakini daraja lililowaunganisha likakatika. Hakuna maktaba iliyoungua ikaleta hasara kama hiyo.

Ndiyo maana waliyoyafanya wanakijiji wa Katuruka yanastahili kuangaliwa kwa makini. Kuanzia mwaka 2008, wakiwa wameshuhudia mahali pao pa kale pakiharibika na wasimulizi wakifariki mmoja mmoja, walijikusanya wenyewe, wakaanza kuwahoji wazee waliosalia, wake kwa waume, na kupajenga upya mahali pa kumbukumbu. Hawakungoja waraka kutoka Dodoma. Waliona kwamba muda unakwisha, wakatenda.

Watakuwapo watakaosema kwamba kuyafufua mambo hayo ni kurudisha ukabila au kurudisha ibada za mizimu. La hasha. Mkatoliki wa Florence aliyesoma mashairi ya Warumi hakuwa mpagani kwa kuyasoma, na Mtanzania wa Newala akijua kwamba Buhaya iliyeyusha chuma kabla ya Kristo hapungukiwi. Anaongezewa fahari iliyo yake pia. Ukabila ni kutumia asili kumnyima mwenzako haki. Kuandika asili na kumpa kila mtu aisome ni kinyume chake. Wengine watasema hakuna fedha. Fedha ni chache kweli, lakini kazi ya kwanza haihitaji fedha nyingi. Simu iliyomo mfukoni mwa kila mtumishi inaweza kunasa sauti ya bibi wa miaka tisini kwa saa nzima.

Kwa hiyo wajibu uko wazi. Mtaala mpya wa shule umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Mwalimu wa Buhembe, wa Maruku, wa Kamachumu au wa Nshamba asilifundishe somo hilo kwa kitabu peke yake; kila shule iandike orodha ya wazee wa kata yake, na wanafunzi watumwe kuwasikiliza na kuyaandika masimulizi hayo kwa Kihaya kama yalivyosemwa, kisha kwa Kiswahili ili taifa lote lifaidi. Maafisa utamaduni wa Bukoba na Muleba wawe na daftari la wapiga nanga, wahunzi na mafundi wa nguo za magome waliobaki, na walitembelee daftari hilo kwa miguu, si kulifungia kabatini. Halmashauri zitenge fungu katika bajeti, hata likiwa dogo, la kuzihifadhi kanda na maandishi hayo mahali pasipovuja, na nakala zake zifikishwe katika vyuo na maktaba. Na msanii anapoitwa kutumbuiza alipwe kama anavyolipwa fundi yeyote.

Wafanya biashara wa pwani wana msemo kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Elimu ya wazee wa Buhaya ni mali, na sehemu kubwa yake haijaingia daftarini. Wazee waliolijenga tanuru la mwaka 1976 waliulizwa wakati bado wanakumbuka, na kwa sababu hiyo dunia ikajua. Wapo wengine leo wanaokumbuka mambo mengine, na hakuna aliyekwenda kuwauliza. Kila msiba unaotangazwa huko vijijini kabla ya swali kuulizwa ni ukurasa uliong'olewa katika kitabu cha taifa, na ukurasa huo hauwezi kupigwa chapa tena.