Vipimo kwanza, rangi baadaye



Kooperative inapofufua kamio ya zamani, mara nyingi pesa za kwanza zinaenda kwenye rangi, mbao za nyuma na jina kubwa juu ya kioo. Ndani ya kabini, pale pa vipimo, panabaki matundu na nyaya zinazoning'inia. Mimi ni agronome, kazi yangu ni mbegu na mavuno. Lakini nasema wazi: kipimo cha joto la maji, cha presha ya oili na cha mazutu vitangulie rangi.

Sababu ni mahindi yenu. Mnayaanika mpaka unyevu ushuke kwenye 13 kwa mia. Mota ikifa kwenye milima ya Fizi wakati wa mvua, magunia yanalala njiani chini ya bashi iliyotoboka. Siku chache tu, ukungu unaanza, na ukungu kwenye mahindi ao karanga unaweza kuleta sumu ya aflatoksini, ambayo kupika hakuimalizi. Hapo hasara si ya shofere peke yake. Ni ya kila mama aliyeleta gunia lake Lulimba liende kuuzwa Baraka.

Kuna wanaosema: "Shofere wetu ni wa zamani, anasikia mota kwa masikio." Sawa, sikio ni zuri. Lakini presha ya oili ikianguka, ukisikia mota inagonga, kusine zimekwisha kuliwa. Sindano ingemwonyesha mbele, azime palepale.

Wengine wanasema vipimo havidumu. Mara nyingi ni kwa sababu vilifungwa vibaya. Kipimo cha umeme kina sehemu mbili: saa iliyo mbele ya shofere, na sonda iliyofungwa kwenye mota ao kwenye tanki. Hizo mbili lazima zielewane. Kuna sonda za mazutu za Ulaya zinazotoa omu 10 tanki likiwa tupu na 180 likijaa. Za Marekani zinatoa 240 likiwa tupu na 33 likijaa. Ukichanganya, tanki lililojaa linaonekana tupu! Kwa hiyo nunueni saa na sonda yake pamoja, na muangalie kwanza kama kamio ni ya volti 12 ao 24.

Tena, sonda yenye waya mmoja inapata masi kupitia nyuzi zake za chuma. Fundi akiizungushia utepe mwingi wa teflon, ao akiifunga juu ya rangi na kutu, sindano itadanganya. Ikilala, muwashe kontakti, mtoe waya kwenye sonda na kuugusisha kidogo tu kwenye chuma cha mota. Sindano ikiruka, saa na waya ni vizima. Tafuteni kosa kwenye sonda ao masi yake. Isiporuka, angalieni fizibu na waya.

Shofere ajue pia jambo hili: sonda ya joto inapima maji yanayoigusa. Maji yakiisha kabisa, sindano inaweza kushuka huku mota inaungua. Ikishuka ghafla kwenye mlima, asifurahi. Asimame.

Kuhusu mazutu, ninajua maneno yanayopita kati ya komite na mashofere. Mazutu yamekwenda wapi? Kipimo kinasaidia, lakini kwenye mteremko kinayumba. Kamio isimame pa tambarare, watu wawili wapime kwa fimbo yenye alama, waandike kwenye kaye kabla ya safari na baada yake. Hiyo inamlinda komite, na inamlinda shofere mwaminifu pia.

Basi, kwenye mkutano mukubwa unaokuja, kabla ya kupiga kura juu ya rangi, mmoja wenu asimame aulize: sindano ngapi zinatembea ndani ya kamio yetu? Kama jibu ni "hakuna," rangi ingoje musimu mwingine.