Moshi wa Miezi Kumi na Mmoja

Kwa muda wa mwezi mzima kila mwaka, hutokea katika visiwa vyetu vya Unguja na Pemba jambo ambalo waganga wa nchi nyingi wangelitamani kuliona kwao. Tangu adhana ya alfajiri hadi ile ya magharibi, yapata saa 13, ni nadra kumwona mtu akivuta sigara barazani, sokoni, ofisini au ndani ya gari la abiria. Wapo wanaohitaji kukumbushwa, lakini walio wengi hujizuia wenyewe. Aliyezoea kumaliza paketi nzima kwa siku huishika saumu yake kama wenzake, na jirani yake huvuta hewa safi bila ya kuiomba. Kisha mwezi huandama, Idi ikapita, na moshi ukarejea palepale ulipokuwa.

Hatuna nia ya kuingia katika elimu ya dini, ambayo ina wenyewe. Tunalitaja jambo hili kwa sababu tumechoka kusikia kwamba mvutaji hawezi kuzuiwa, na kwamba amri ya kukataza uvutaji hadharani haitatekelezeka katika visiwa hivi. Ni kweli kwamba akishafuturu huivuta, tena wapo ambao tende ikiwa mkono mmoja, kiberiti ki mkono wa pili. Hatusemi basi kwamba mfungo humwachisha mtu sigara. Tunasema kwamba anaweza kungoja. Na sheria ya aina hii haimtaki zaidi ya hilo, yaani angoje mpaka atoke nje, mbali na wenzake.

Lakini hapana budi tujiulize aibu yetu tumeiweka wapi. Tangu zamani, na hata leo katika baadhi ya nyumba, kijana akimwona mzee wake kwa mbali hukificha kipande cha sigara ndani ya kiganja, akastahamili kuungua kuliko kuonekana. Mzee huyohuyo humtuma mjukuu wa miaka 7 dukani akamnunulie sigara moja na kiberiti, kisha akaivuta chumbani alimolala mtoto mchanga, wala asipatikane wa kumwona mkosefu. Aibu ya kijana ni ya heshima, na ile ya Ramadhani ni ya ibada. Katika zote mbili, pafu la jirani halina fungu.

Wazee wetu hatuwalaumu, kwani hawakuambiwa. Ilikuwa mwaka 1950 ndipo Richard Doll na Austin Bradford Hill walipochapisha huko Uingereza uchunguzi wao uliohusisha sigara na saratani ya mapafu, na mwaka 1964 Serikali ya Marekani ikatoa ripoti yake kuhusu madhara hayo. Hata hivyo watu waliendelea kudhani kwamba anayevuta hujidhuru mwenyewe, na mwili ni wake. Dhana hiyo ilitikisika mwaka 1981, pale mtaalamu wa Kijapani, Takeshi Hirayama, alipoonyesha kwamba wanawake wasiovuta kabisa, ila waume zao ni wavutaji, walikufa kwa saratani ya mapafu zaidi kuliko wenzao. Leo Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku huua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka, na katika hao zaidi ya milioni 1 ni watu waliovutishwa tu moshi wa wengine. Anayesema mwili ni wake amesema kweli, lakini hewa ya chumba si yake peke yake.

Wala tusijifanye watakatifu. Kwa miaka mingi karafuu zetu zilipakiwa melini kwenda Indonesia, na huko sehemu kubwa yake haikutiwa katika pilau: ilichanganywa na tumbaku zikatengenezwa sigara ziitwazo kretek. Nyumba nyingi za Pemba zilikula kutokana na moshi huo. Katika miaka ya 1980 Indonesia ilipopata karafuu za kuitosheleza, soko likaanguka, tukaumia sana, lakini tukaishi. Kwa hiyo tunapoelezwa kwamba tumbaku isiguswe kwa kuwa ina fedha, tunasikiliza kama watu waliokwisha kuyaona hayo.

Jamhuri ya Muungano iliuridhia mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku mwaka 2007, na ahadi hiyo inatuhusu sote. Lakini afya si jambo la Muungano. Sheria iliyotungwa Bara mwaka 2003 haiwezi kuwa udhuru wetu, wala uzembe wowote wa Bara hauwezi kuwa kisingizio chetu. Visiwa wenzetu hawakungoja. Shelisheli ilitunga sheria yake mwaka 2009, na mwaka huohuo Mauritius iliweka picha za maradhi juu ya paketi. Ilipofika 2023 ikaziondolea paketi hizo rangi na nembo za kampuni. Wageni hawakuacha kwenda kwao kwa ajili hiyo. Tunawakumbusha wenye mahoteli, ambao huwafanya watalii kuwa ngao, kwamba Mwitaliano alikatazwa kuvuta mezani mkahawani tangu mwaka 2005, na Mwingereza tangu 2007. Mgeni anayeufuata moshi wa shisha Zanzibar ameruhusiwa na sisi.

Tungependa kuona kazi hii inaanzia ndani ya ofisi za Serikali zenyewe, maana mwananchi aliyekuja kutafuta hati ya kuzaliwa hana ujasiri wa kumwambia mkuu wa ofisi azime sigara. Mkuu huyo na aondolewe kisahani cha majivu mezani. Kisha zifuate boti na meli za abiria, ambamo mama mwenye mtoto mchanga hana pa kukimbilia mpaka afike bandarini. Baada ya hapo masheha wafike madukani, hasa yaliyo karibu na skuli, kuhusu uuzaji wa sigara mojamoja. Paketi nzima haimo katika uwezo wa mtoto wa skuli, lakini sigara moja anaimudu kwa pesa za kununulia maandazi. Na mkataba tulioridhia unazitaka nchi zijitahidi kuukomesha uuzaji huo. Ugoro, kuberi na tumbaku ya kutilia tambuu visisahauliwe, ijapokuwa havina moshi, kwani saratani ya kinywa haichagui.

Na mzee anayehitaji sigara yake aende dukani mwenyewe, mjukuu abaki nyumbani.