Mfuga kinyonga asisahau jua

Mfugaji wa kuku anayefungia vifaranga ndani bila chakula chenye vitamini D anaujua mwisho wake. Miguu hupinda na kifaranga hushindwa kusimama. Kwa kinyonga mambo ni yale yale, lakini wengi wanaomfuga humwona kama pambo lisilohitaji zaidi ya panzi na matone ya maji.

Kinyonga hutengeneza vitamini D katika ngozi kwa msaada wa mionzi ya jua iitwayo UVB. Akiikosa, kalsiamu iliyo katika chakula hainufaishi mwili ipasavyo. Mifupa hulainika, taya hulegea, na mnyama hushindwa hata kushika kijiti. Mara nyingi dalili huonekana wakati hasara imekwisha kuingia.

Kosa la kwanza ni kioo. Kizimba kikiwekwa dirishani jua huonekana likiingia, lakini kioo cha kawaida huzuia sehemu kubwa ya UVB. Kosa la pili ni kutegemea balbu ya kawaida ya nyumbani, ambayo hutoa joto na mwanga tu. Hata taa maalumu hupungukiwa na mionzi hiyo ingali inawaka vizuri. Ndiyo maana hushauriwa ibadilishwe kila baada ya miezi 6 hadi 12. Anayengoja izimike amechelewa. Rahisi ghali.

Hata hivyo, mionzi kupita kiasi nayo hudhuru. Katika kipimo cha UVI, vinyonga wengi hutosheka na takriban 3 pale wanapoota jua, ilhali jua la adhuhuri katika ukanda wa Ikweta mara nyingi hupita 10. Watafiti wa Marekani walieleza mwaka 2009 kwamba kinyonga wa Madagaska aliyepungukiwa na vitamini D katika chakula hujianika zaidi kuliko aliyeshiba nayo. Mnyama anajua kujipimia, mradi apewe nafasi ya kuchagua.

Kwa mfugaji wa Afrika Mashariki hii ni nafuu kubwa. Mwenzake wa Ulaya hununua taa na kulipia umeme. Yeye anahitaji kizimba cha wavu kilichowekwa nje, chenye matawi ya kutosha na kivuli upande mmoja.

Lakini kizimba kizuri hakihalalishi mnyama aliyeibwa msituni. Tanzania ilipiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016, na nchini Kenya sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 humtaka mfugaji awe na kibali. Aina nyingi za vinyonga pia zinalindwa na mkataba wa kimataifa wa CITES.

Wakaguzi wanaotazama karatasi za vibali watazame pia mahali mnyama anapopata jua. Naye mfugaji akumbuke kwamba kinyonga mwenye mifupa laini akimfia mnunuzi, mnunuzi huyo harudi tena.