Kunguni wa nyumba ya kupanga ni dhima ya nani?

 

Ndugu wasomaji, hivi karibuni, baada ya swala ya Isha, walinijia wapangaji wa nyumba moja ya hapa Dar es Salaam. Nyumba hiyo ina vyumba sita, ukumbi katikati, choo na jiko uani. Imeingiliwa na kunguni. Kila mpangaji amekwisha kupuliza dawa chumbani mwake, kwa siku yake na kwa fedha yake, na kila mmoja baada ya wiki chache amewakuta wamerudi. Hatimaye wakakubaliana kwamba chanzo ni mama mjane wa chumba cha mwisho, kwa kuwa ndiye aliyehamia nyuma ya wote na godoro lake alilinunua kuukuu. Wakataka ahame, yeye na watoto wake watatu. Mwenye nyumba alipoulizwa alijibu kwamba yeye hupangisha vyumba, hapangishi kunguni. Nikaulizwa: dini inasemaje?

Kesho yake tulikwenda kukagua. Madoa meusi ya kunguni tuliyakuta kwenye miimo ya milango ya vyumba vinne. Ni nani aliyeanza? Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye. Mdudu huyu hupita katika nyufa za ukuta, hupanda katika mabegi na nguo, na anaweza kukaa miezi bila ya kunyonya damu. Huwaingia matajiri na maskini, wasafi na wachafu. Kumtuhumu mtu kwa jambo hili bila ya ushahidi ni dhana mbaya tuliyokatazwa, na kumtoa mjane nje kwa dhana hiyo ni dhulma.

Ama swali la dhima, wanavyuoni wetu walikwisha kulifungulia mlango katika mlango wa ijara. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ametaja katika kitabu chake cha Minhaj, kinachosomwa sana katika madhehebu yetu ya Kishafii, kwamba ukarabati wa nyumba ni juu ya mwenye nyumba; asipoufanya, mpangaji ana hiari ya kuvunja mkataba. Kisha akataja theluji: iliyo juu ya paa huondolewa na mwenye nyumba, na iliyo uani, pamoja na takataka, husafishwa na mpangaji. Sisi watu wa Pwani hatuna theluji, lakini kipimo tunacho. Lililoshikamana na jengo ni la mwenye jengo. Linalotokana na ukaaji ni la mkaaji.

Kwa kipimo hicho, nyufa za kuta, miimo iliyooza, dari lililotoboka linalopitisha panya na shimo la choo lililobomoka ni dhima ya mwenye nyumba. Kadhalika chumba akikabidhi kikiwa na kunguni, amekabidhi chenye aibu, na kuificha aibu hiyo ni ghushi. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 nayo inamchukulia mwenye kupangisha kuwa ameahidi kwamba nyumba inafaa kukaliwa na binadamu, na itaendelea kufaa muda wote wa upangaji. Kauli ya kwamba "sipangishi kunguni" haimwondolei dhima.

Mpangaji naye ana yake: vyombo vyake, godoro lake, mabaki ya chakula chake, taka zake. Aonapo mdudu aseme mapema, asifiche kwa kuona haya, kwani kuficha kwake ni kuwadhuru majirani, na Mtume (S.A.W.) ameikana imani ya mtu ambaye jirani yake hasalimiki na shari yake.

Lakini kugawa dhima hakutoshi. Bwana Mtume (S.A.W.), katika hadithi iliyopokewa na Bukhari kutoka kwa Nuuman bin Bashir (R.A.), ametupigia mfano wa watu waliogawana jahazi, wengine juu na wengine chini. Wa chini wakataka kutoboa fungu lao ili wapate maji karibu. Wakiachwa, wataangamia wote. Wakizuiwa, wataokoka wote. Anayepuliza dawa chumbani mwake peke yake huwahamishia tu kunguni jirani zake, na baadaye humrudia.

Watu wa Makunduchi, Unguja, wametuachia funzo. Mwishoni mwa miaka ya 1980, katika kupambana na matende, watu walipewa dawa za kumeza, na vyoo vya shimo vyenye maji vikamwagiwa chembe nyepesi za plastiki zinazoelea, hata viluwiluwi vya mbu visipate pa kuvutia pumzi. Mbu walipungua sana. Lau kila mmoja angesema choo changu ni changu, kazi ile isingefaa kitu.

Basi niliwaambia ndugu zangu wale hivi. Mwenye nyumba azibe nyufa na alipie dawa ya kuta, ukumbi na miimo. Kila mpangaji afue nguo na shuka kwa maji ya moto na atoe chaga zake juani. Vyumba vyote sita vipulizwe siku moja, na baada ya wiki mbili virudiwe, kwani mayai husalimika na dawa na kuanguliwa baadaye. Wasitumie dawa za mashambani. Hizo zimetengenezwa kwa mimea, nasi tunalaza watoto humo. Na asiyeweza kulipa fungu lake abebwe na wenziwe.

Mwenye nyumba alisita, kisha akakubali. Fungu la yule mama lilichangwa na majirani, na wa mwanzo kutoa mkono ni yule aliyekuwa mkali zaidi wa kumtaka ahame. Mama yumo chumbani mwake hadi leo.

Msomaji, ikiwa wewe ni mwenye nyumba, pita leo baada ya swala ya Ijumaa ukazitazame kuta zako. Ikiwa ni mpangaji, mgongee jirani mlango kabla hujamtuhumu.

Wabillahi tawfiq.