Pilau ya Hotelini

Twawasikia wanaume wakisema, "Nyumbani hakuna ajuaye kupika pilau kama ya hotelini." Nasi twawauliza: Je, mmemletea mke nyama? Mchele na mafuta je? Pilau haina siri kubwa: vitunguu hukaangwa hata viwe vyekundu, kisha hutiwa vitunguu saumu, tangawizi, bizari nzima, iliki, mdalasini, na karafuu za Pemba. Bei ya sahani moja hotelini imebeba pia kodi ya nyumba, ujira wa mpishi na faida ya mwenyewe. Msafiri hatumlaumu, hana jiko. Lakini baba atokaye huko akijifuta midomo, akawakuta watoto wanakula ugali kwa chumvi, asiulaumu mkono wa mkewe. Tulimwuliza mmoja neno hili; akanyamaza, akaagiza chai ya pili.