Fasihi ya Dunia Si Mali ya Waingereza

Wapo wasomi miongoni mwetu ambao kasumba imewaganda vichwani hata wakaamini kwamba mlango wa fasihi bora ya dunia ni mmoja tu, nao ni Kiingereza. Asiyejua lugha hiyo, kwa maoni yao, hana haki ya kuonana na Homer, Cervantes wala Tolstoy. Dhana hii ni potofu, na yafaa ipingwe waziwazi.

Hebu tuwaulize: Homer alikuwa Mwingereza? Tungo zake ni za Kiyunani. Cervantes aliandika Don Quixote kwa Kihispania, sehemu ya kwanza ikatoka mwaka 1605 na ya pili 1615. Tolstoy aliandika Kirusi. Waingereza wenyewe huwasoma wote hao kwa tafsiri, wala hawaoni haya. Basi msomi wetu anayejigamba kwamba amemsoma Tolstoy kwa Kiingereza, naye pia amesoma tafsiri. Kama tafsiri ni halali London, kwa nini iwe haramu Dodoma?

Wengine husingizia uchanga wa lugha. Kiswahili, wanadai, hakiwezi kubeba mawazo mazito. Hoja hii ilikwisha kujibiwa kwa vitendo. Mwaka 1963 Mwalimu Nyerere, akiwa Rais, alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare. Hakuridhika nayo, akaisahihisha na kuitoa upya mwaka 1969, mwaka ambao alitoa pia Mabepari wa Venisi. S. S. Mushi naye akatupatia Makbeth na Tufani. Ikiwa kazi ya Urais haikumzuia Mwalimu, sisi tusio na nchi ya kuongoza tunazuiwa na nini?

Wapo pia wanaosema kwamba vitabu hivi ni vya kigeni na havituhusu. Hao nao wamekosea. Tazameni Mkaguzi Mkuu wa Serikali, tamthilia ya Mrusi Gogol iliyochezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1836. Wakubwa wa mji mdogo, waliozoea kula rushwa, wanasikia kwamba mkaguzi anakuja kwa siri. Kwa hofu yao wanamdhania mpita njia kuwa ndiye, wanamkirimu na kumjaza fedha. Nani atathubutu kusema kwamba wakubwa wa namna hiyo wako Urusi tu?

Linalotia aibu zaidi ni hili. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, alitoa riwaya ya Paradise mwaka 1994. Tafsiri ya Kiswahili, Peponi, kazi ya Ida Hadjivayanis, ilitoka mwaka 2022. Kwa miaka 28 msomaji wa Kiswahili tu alifungiwa nje ya riwaya inayohusu pwani yake mwenyewe!

Tangu UNESCO ilipoitangaza mwaka 2021, tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani. Lakini hotuba na ngoma hazijazi rafu za maktaba. Wachapishaji wawalipe wafasiri ujira wa haki. Vyuo vikuu viipe tafsiri bora heshima ile ile inayopewa makala ya kitaaluma. Wanaojua Kirusi, Kichina, Kihispania na Kiarabu wafasiri moja kwa moja, bila kupitia kwa Mwingereza. Mali ya binadamu wote isifungiwe katika kasha ambalo ufunguo wake wanao wachache.